Ukitumwa kwa mfamasia, hujanyimwa daktari

Kila mara kliniki za GP, yaani daktari wa familia, hapa England zinapowatumia wagonjwa taarifa ya mabadiliko ya huduma, sisi wafamasia tunaofanya kazi ndani ya kliniki hizo hupokea malalamiko, na kutoka kwa Waswahili wenzangu lalamiko hujirudia kwa maneno yale yale: "Nimeomba kumwona daktari, wamenifukuza niende dukani." Nimechoka kulijibu mdomoni, mtu mmoja mmoja. Nalijibu hapa kwa kirefu, kwa sababu wapo wanaokaa nyumbani na maumivu kwa hasira tu, ilhali matibabu yao yako mtaa wa pili.

Naelewa imani hii inatoka wapi. Wengi wetu tumekulia mahali ambapo duka la dawa ni mahali pa kununulia dawa, na anayesimama nyuma ya meza pengine amepata mafunzo mafupi tu, kwa hiyo neno "mfamasia" linapotajwa akili inamwona muuzaji. Hapa mfamasia amesoma chuo kikuu miaka minne, akafanya kazi mwaka mzima chini ya usimamizi, kisha akafaulu mtihani wa usajili. Sitaliongelea zaidi hilo.

Tangu tarehe 31 Januari 2024 wafamasia wa England wameruhusiwa kutibu maradhi saba bila mgonjwa kupitia kwa daktari, wakimpa hata antibayotiki panapostahili: koo kuuma, sainasi, maumivu ya sikio kwa watoto na vijana, mkanda wa jeshi, jeraha la kuumwa na mdudu lililopata maambukizi, vidonda vya ngozi vyenye ukoko vinavyoambukizana hasa kwa watoto, na UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, ya wanawake. Scotland na Wales zina taratibu zake. Ushauri ni bure. Dawa hulipiwa kama nyingine zote, pauni 9.90 kwa kila aina kwa kiwango kilichowekwa Mei 2024, isipokuwa kwa wenye msamaha, kama vile watoto wa chini ya miaka 16, wajawazito na waliofikisha miaka 60.

Ugomvi mkubwa uko kwenye UTI. Huduma hii ni ya mwanamke wa miaka 16 hadi 64 asiye mjamzito. Mfamasia atamuuliza kama anasikia maumivu ya kuchoma anapokojoa, kama anaamka usiku kukojoa kuliko ilivyo kawaida yake, na kama mkojo umekuwa na ukungu. Dalili mbili kati ya hizo zikiwapo, na pasiwe na jambo linaloelekeza kwenye ugonjwa mwingine, anaweza kumpa nitrofurantoini, ambayo ni antibayotiki, ya siku 3. Hapo ndipo mgonjwa anapokasirika: "Hata mkojo hakunipima!" Nasisitiza kwamba hakusahau. Kwa mwanamke wa umri huo mwenye dalili zilizo wazi, kile kijiti cha kuchovya kwenye mkojo hakiongezi mengi ya maana. Kwa mtu wa zaidi ya miaka 65 kinaweza hata kupotosha, kwa kuwa wazee wengi wana bakteria kwenye mkojo bila kuwa wagonjwa; kijiti kitabadilika rangi, mzee atapewa antibayotiki asiyoihitaji, na sababu halisi ya udhaifu wake itabaki bila kutafutwa.

Mwanamume naye hatibiwi dukani kwa sababu maambukizi yake yanaweza kuhusisha tezi dume, na anahitaji mkojo wake upimwe maabara na dawa za siku nyingi zaidi. Mjamzito vilevile huonwa kliniki. Mwenye homa, kutetemeka na maumivu ya ubavuni asiende dukani kabisa, kwani huenda maambukizi yamepanda kwenye figo, na nitrofurantoini hukusanyika kwenye mkojo bila kufika kwenye nyama ya figo kwa kiwango cha kutosha. Mipaka hii ndiyo usalama wa huduma yenyewe, nami nasikitika inapochukuliwa kuwa ubaguzi.

Sasa maswali ya mapokezi. Mhudumu anapokuuliza unaumwa nini, amefundishwa kufanya hivyo ili ajue kama shida yako ni ya daktari leo, ya muuguzi, ya mfamasia au ya gari la wagonjwa. Ukimjibu "ni mambo yangu na daktari", atakupangia kwa kubahatisha, na mwenye maumivu ya kifua anaweza kuwekwa nyuma ya mwenye mafua. Jambo likiwa la siri, sema tu kwamba ni la faragha na ni la haraka au si la haraka, hiyo inatosha.

Yapo yanayonikosesha raha, na si haki kuyaficha. Mgonjwa akifika dukani na kukutwa nje ya mipaka niliyoitaja, hurudishwa kliniki akiwa amepoteza nusu siku, na hasira yake hapo ni ya haki. Tena miongozo mingi huzungumzia ngozi "nyekundu", ilhali kwenye ngozi nyeusi uvimbe wa maambukizi huonekana wa zambarau, wa kijivu au mweusi zaidi; mfamasia asiye na uzoefu na ngozi zetu anaweza kuupuuza. Mwambie waziwazi kwamba rangi imebadilika, na kwamba pana joto na maumivu. Nina hofu pia kwamba kurahisisha upatikanaji wa antibayotiki kutaongeza usugu wa vimelea kwa dawa, ingawa naiunga mkono huduma hii.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2025 kliniki zinatakiwa kuacha wazi fomu ya mtandaoni ya kuomba huduma kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 12:30 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa mambo yasiyo ya dharura. Asiyeweza kuijaza apige simu au afike mwenyewe, na ana haki ya kuhudumiwa vilevile. Mkalimani wa Kiswahili ni bure: mwombe wakati wa kuweka miadi, wala usimtumie mwanao wa miaka kumi kueleza kwamba unatokwa na damu.