Homoni ya ukuaji: yanayosemwa jimu za Tanga, na ukweli wake

Juzi kijana mmoja wa hapa Ngamiani alifungua begi lake la mazoezi akanitolea kichupa kilichoviringishwa kwenye soksi. "Kocha, hii ndiyo wanayotumia mabaunsa wa Ulaya." Ndani kuna unga mweupe, juu mfuniko wa mpira, na lebo haina hata jina la kiwanda. Kilikuwa cha moto mkononi. Homoni ya ukuaji inatakiwa ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, nacho kilikuwa kimeshinda juani juu ya bodaboda.

Alichoamini ni kwamba inatia nguvu. Hapo ndipo kioo kinapowadanganya vijana. Homoni hii hutolewa na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na mtu akijidunga ya ziada mwili hushika maji. Mizani inapanda, fulana inabana, naye anajiona amejazia. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walikusanya majaribio yaliyokwisha kufanywa kwa watu wenye afya: uzito usio wa mafuta uliongezeka kwa kilo 2 hivi, lakini nguvu haikuongezeka. Miaka miwili baadaye, huko Sydney, wanamichezo 96 walifuatiliwa kwa wiki 8, wengine wakipewa homoni, wengine sindano isiyo na dawa. Kunyanyua, kuruka na pumzi havikubadilika. Kilichopanda, kwa takriban asilimia 4, ni uwezo wa kukanyaga baiskeli kwa kasi kwa muda mfupi, na wiki 6 baada ya kuacha ulikuwa umepotea. Sitaificha asilimia hiyo, maana kwa mkimbiaji wa mbio fupi ni kubwa, na ndiyo sababu mojawapo ya kuipiga marufuku.

Golikipa mmoja chipukizi aliniuliza kama itamwongezea urefu. Hapana, mwanangu. Ncha za mifupa zikishafunga, mfupa haurefuki tena, unanenepa tu. Taya linapanuka, viatu vinabana, moyo unakua kupita kiasi, sukari inapanda. Mwenzake yule kijana wa kichupa alijidunga miezi kadhaa. Pete ya fedha aliyoachiwa na babu yake sasa anaivaa shingoni kwenye uzi, kwa kuwa haipiti kidoleni. Asubuhi anaamka vidole vimekufa ganzi, anavikung'uta ndipo aweze kushika kikombe cha chai.

Vidonge vyake je? Hii ni protini. Ukiimeza, tumbo linaisaga kama linavyosaga samaki.

Wengine wanasema ni kitu cha mwilini, kwa hiyo hakipimiki. Vipimo vya damu vilianza kutumika Olimpiki ya Athens, 2004, kwa kuwa homoni ya kiwandani ina umbo moja tu wakati mwili hutoa maumbo kadhaa. Mwaka 2010 mchezaji wa ragbi wa Uingereza, Terry Newton, akafungiwa miaka 2 kwa kipimo hicho. Marufuku ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, ni ya wakati wote, iwe siku ya mechi au uko mapumzikoni nyumbani.

Ni kweli hospitali huitumia, kwa watoto ambao tezi yao haitoi ya kutosha, chini ya daktari anayepima damu yao mara kwa mara. Hiyo si ruhusa ya kuchomana nyuma ya jimu kwa sindano moja watu watatu, jambo nililoliona kwa macho yangu na linaloninyima usingizi kuliko homoni yenyewe.

Nilimuuliza kijana analala saa ngapi. "Saa nane usiku, kocha, naangalia mpira." Na alfajiri yupo kwenye vyuma. Mwili hutoa sehemu kubwa ya homoni hii katika usingizi mzito, saa za mwanzo za kulala, bure.

Kichupa ameniachia. Kesho asubuhi tunampeleka mwenzake hospitali akapimwe sukari.