Ule mfereji wa upanga si wa damu

Hapa Nakuru bado nasikia watu wakisema ati ule mfereji wa katikati ya upanga uliwekwa ndio damu ipite, upanga usikwame mwilini. Hapana jameni, kazi yake ni kupunguza uzito. Fundi anatoa chuma pale katikati, ama anakigongelea kikiwa moto, makali hayaguswi, na upanga unabaki mgumu haujipindi ovyo, ndio maana panga nyingi za Waviking, wale mabaharia wa zamani wa Ulaya kaskazini, zilikuwa na huo mfereji na zilikuwa na uzito wa kilo moja na kitu tu. Hata baadhi ya katana, zile panga za Japani, ziko nao. Simi ya Wamaasai, hiyo tunaiona huku kila siku, mara nyingi haina mfereji, iko na mgongo ulioinuka katikati kuipa nguvu, na imetumika miaka mingi vizuri kabisa.