Mbao haziozi? Njoo uone ninachokwangua

Jumamosi iliyopita simu iliita kabla sijamaliza chai. Mzee mmoja, Mtanzania mwenzangu anayekaa Katy, nje kidogo ya Houston, ana wageni ishirini jioni na jiko lake la peleti, lile la kuchomea nyama kwa punje za mbao iliyosagwa, limegoma. Mota inanguruma, hakuna kinachoshuka. Nikamsalimia, kisha nikauliza swali langu la siku zote kuhusu hopa, lile sanduku la jiko unalotilia peleti: mzee, hopa umeimwaga lini mara ya mwisho?

"Niimwage kwa nini, kijana? Zile ni mbao. Mbao haziozi. Hata nyumba hii ninayokaa ni ya mbao."

"Kweli mzee, ila nyumba yako haijasagwa ikawa unga."

Hili la mbao haziozi nimelisikia kwa Wakenya, kwa Wakongo, kwa Wamarekani wenyewe ambao haya majiko ni yao. Nimechoka kulijibu kwa mdomo. Leo naliandika, atakayeuliza tena atatumiwa kiungo cha makala haya.

Peleti si kijiti. Ni unga wa mbao uliokaushwa, ukashindiliwa kwenye tundu la milimita 6 hivi mpaka ukapata joto, na lignini, yaani gundi ya asili iliyomo ndani ya mti, ikalainika ikaushika. Mara nyingi hakuna kingine kinachoushika. Unyevu wake hauzidi asilimia 10. Sasa kitu kikavu namna hiyo kiweke Houston mwezi wa Agosti, shati linapolowa ukiwa umekaa kivulini. Kitakunywa. Wala hakingojei mvua, hewa inatosha. Na usiniambie ulifunika turubai. Turubai linazuia matone, halizuii unyevu wa hewa, na wengi wenu mnalifunika jiko lingali na joto, mnaufungia mvuke humo humo.

Peleti ikishakunywa inavimba, inapoteza mng'ao, inarudi kuwa unga. Unga ukikauka tena unakuwa kichuguu. Kuzipima ni rahisi: chukua moja uivunje kwa vidole. Nzima inalia tak. Mbovu inakatika kimya, kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Mbovu tupa. Usizianike juani, zilishavimba, hazirudi.

Kusafisha hopa kwenyewe hakuna elimu kubwa. Jiko lipoe kabisa, chomoa waya ukutani. Kama kuna kimlango nyuma, tega ndoo ufungue. Kama hakuna, chota kwa kikombe. (Joe Traeger wa Oregon alipata hataza ya jiko hili, yaani haki ya kulitengeneza peke yake, mwaka 1986. Ilipokwisha 2006 viwanda vingine vikaingia sokoni, ndiyo maana lako lina kimlango na la jirani halina.) Kisha toa wavu wa chini, fyonza vumbi, pitisha brashi kavu, rudisha wavu. Maji hapana. Hata kitambaa chenye unyevu sikitaki humo ndani. Na ile mashine ya kufyonza usiipeleke kwenye majivu siku uliyopika: kaa dogo lililojificha kwenye majivu, likiingia kwenye mfuko uliojaa unga wa mbao, litakupa kazi nyingine.

Vumbi nalo lina ujanja wake. Aliyekulia karibu na mashine ya kusaga atanielewa: unga hushika kuta, punje zinashuka katikati. Kila mfuko wa kilo 9 unakuja na vumbi lake, peleti zinatangulia kuungua, vumbi linabaki chini likijishindilia. Siku moja unaweka kidari saa nne usiku, hopa imejaa, unaenda kulala. Saa tisa katikati ya peleti pamechimbika shimo, kuta zimesimama kama kisima, chini hakuna kinachoanguka. Asubuhi nyama ni ya baridi na hopa bado inaonekana imejaa robo tatu. Mtu ananiambia kompyuta ya jiko imekufa. Kompyuta haina kosa hata kidogo.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi kweli. Hata wale wanaomwaga hopa, wanamwaga hopa tu. Chini ya hopa kuna bomba, ndani ya bomba kuna parafujo ndefu inayosukuma peleti hadi kwenye kikombe cha moto. Bomba hilo halionekani ukiinama na tochi, kwa hiyo kwa watu wengi halipo. Umefagia hopa ikang'aa, umepiga picha, umenitumia, na kwenye bomba zimebaki peleti zile zile zinazovimba miezi mitatu. Zikivimba hapo hazina pa kwenda. Zinaibana parafujo, mota inalazimisha, na kwa baadhi ya majiko kipini kinachoshika parafujo kinakatika. Kimewekwa kikatike, kiiokoe mota. Kuna jamaa alikibadilisha mara mbili, mara ya tatu akaweka msumari mgumu. Mota nilimbadilishia mimi.

Kwa hiyo: hopa ikishakuwa tupu, rudisha waya, washa jiko, liache lile kilichobaki kwenye bomba mpaka moto ufe wenyewe. Litalalamika kwa herufi za ajabu kwenye kioo, liache lilalamike. Kisha lizime kwa kitufe, feni imalize kazi yake. Kuchomoa waya moto ungali unawaka ndiyo njia ya kuualika urudi nyuma kupitia bomba hadi kwenye hopa.

Mara ngapi? Hapa vitabu vinakupa namba, mimi namba yangu naiona aibu kuitaja kwa sababu inabadilika. Nimekuta peleti za nusu mwaka zinalia tak kwenye gereji kavu, na nimekuta za wiki mbili zimekuwa uji kwenye baraza. Wateja wangu nawaambia: kama hupiki wiki hii wala ijayo, mwaga. Wengine wananiona mwoga. Huenda.

Na kuna wanaomwaga hopa kwa ajili ya ladha, wametoka peleti za mti wa hikori wanaenda za mtufaha. Sitabishana nao hadharani, ila nikishapaka nyama kitunguu saumu na pilipili manga, sijawahi kutofautisha. Mke wangu anasema anaweza. Nimemjaribu mara mbili: moja kapata, moja kakosa.

Kwa mzee nilitoa parafujo nzima. Peleti zilikuwa zimegeuka kitu kimoja, rangi ya ugoro, nikazigonga kwa bisibisi na nyundo karibu saa nzima, naye amesimama pembeni akiokota vipande na kuvinusa. Wageni walikula nyama ya mkaa, na hakuna aliyelalamika.

Jumatatu akapiga tena. "Kijana, umeliua. Nimejaza peleti mpya, linawaka taa, kikombe kitupu." Hilo nalo kosa langu, sikumwambia: bomba likiwa tupu, parafujo inahitaji dakika kadhaa kuzifikisha peleti, na jiko haliwezi kujua hilo, linadhani moto umekataa. Nikamwambia atupie nusu kiganja cha peleti kwenye kikombe kisha awashe upya. Nusu kiganja, mzee, maana kikombe kikijaa kinafuka moshi bila kuwaka, moshi unajaa chini ya mfuniko, halafu unashika moto wote kwa mpigo.

Akanyamaza kidogo. "Nimeshatia vikombe viwili vya chai."

"Zima, mzee. Usifungue mfuniko. Nakuja."