Maji ya chumba cha upasuaji hayaungwi-ungwi

Siku hizi hapa Goma nyumba za kuishi zinageuzwa kuwa vituo vya upasuaji wa siku moja: mgonjwa anaingia asubuhi na ngiri au mtoto wa jicho, jioni analala kwake. Ni jambo jema, na wengi wa wenye vituo ambao sisi wakaguzi tunakutana nao wana nia njema. Lakini dosye za kuomba kibali zinazorudishwa mara nyingi hazirudi kwa sababu ya daktari wala ya taa ya upasuaji. Zinarudi kwa sababu ya tiyo, yaani mabomba ya maji.

Jibu tunalopewa ni lile lile: "Lakini robine inatoa maji." Ndiyo, inatoa. Hata robine ya sokoni inatoa. Sisi tunauliza maji yamepita wapi kabla ya kufika pale, na yakishatoka yanaenda wapi.

Kinachotupa kazi zaidi ni maji kurudi nyuma. Katika kituo kimoja nilikuta tiyo ya mpira imechomekwa kwenye robine ya chumba cha usafi, ncha yake imezama kwenye ndoo ya kudekia, maji yenye rangi ya chai. Mfanyakazi alikuwa ameenda kula. Maji ya mji yalikuwa yamekatika tangu asubuhi. Sasa, msukumo ukiisha na jirani wa chini akafungua robine yake, mabomba yanavuta. Ile ndoo inanyonywa polepole kuingia kwenye njia ile ile inayolisha lavabo wanayonawia wapasuaji. Kinga yake haina gharama: kati ya mdomo wa robine na ukingo wa lavabo au siterne (tangi la maji) ibaki nafasi ya hewa mara mbili ya kipenyo cha mdomo, na isipungue milimita 25. Klape ya kuzuia maji kurudi tunaikubali kama nyongeza tu, kwa sababu klape inachoka, hasa chumvi ikiigandia.

Akiba ya maji nayo inahesabiwa, haikadiriwi kwa macho. Shirika la Afya Duniani linataka angalau lita 100 kwa kila upasuaji na lita 5 kwa kila mgonjwa wa kuonwa tu. Kituo cha upasuaji 10 na wagonjwa 40 kwa siku kinahitaji lita 1,200, na akiba iwe ya siku mbili: lita 2,400, bila kufua mashuka wala vyoo. Bido ishirini za plastiki uani si akiba. Aliyekuwa hapa Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na mabomba yakakatika, hahitaji kuelezwa.

Kuna wanaonunua maji ya ziwa kwa gari la siterne na kutupia klorini kwa mkono. Maji ya juu ya Kivu yana pH ya karibu 9, na klorini inafanya kazi vizuri chini ya 8. Kwa hiyo dakika 30 za kawaida za kuisubiri ifanye kazi zinaweza zisitoshe. Pimeni klorini inayobaki kwenye robine ya mwisho kabisa, si kwenye siterne. Maji hayo hayo yana chumvi nyingi, basi msiyatie kwenye otoklavu, mashine ya kuua vijidudu vya vyombo kwa mvuke. Otoklavu inataka maji yaliyotolewa chumvi.

Lavabo ya kunawia iwe nje ya chumba cha upasuaji, ifunguliwe kwa kiwiko au kwa mguu. Ndani ya chumba chenyewe pasiwe na tundu la maji sakafuni. Tafadhali. Sifoni, ile kona ya tiyo inayoshika maji ili kuzuia harufu, isipomwagiwa maji inakauka, na baada ya hapo ni mende na harufu ya fosi (shimo la maji machafu). Kulifunika tundu kwa mfuko na skochi, kama nilivyoona, hakulifuti kwenye mchoro.

Mashine ya maji moto iwekwe nyuzi 60, si 40 ili kuokoa umeme. Kati ya 20 na 45 ndipo vijidudu vya lejionela, vinavyoleta ugonjwa wa mapafu, vinapostawi, hasa kwenye vipande vya tiyo vilivyozibwa na kusahaulika ukutani. Kikateni kila kipande kisichotumika.

Kuhusu maji machafu, mawe yetu ya volkano yana nyufa. Fosi isiyopigwa sima vizuri inapeleka uchafu chini, na chini ni ziwani, ambako watu wanachota. Formoli na klorini kali zisimwagwe humo. Zinaua vijidudu vinavyoisaidia fosi kufanya kazi.

Sasa utaratibu, kwa sababu hapa ndipo watu wanapotukasirikia. Dosye inapitia kwanza zone ya afya, kisha Divisheni ya Afya ya Mkoa. Iwe na mchoro unaoonyesha kila tiyo, kipenyo chake, kila vane ya kufungia maji na mwisho wa maji machafu. Picha ya simu si mchoro. Tunakuja mara ya kwanza kabla ukuta haujapigwa lipu. Tiyo zinajazwa maji, zinapampiwa hadi mara moja na nusu ya msukumo wa kazi, na sindano ya kipimo tunaiangalia pamoja. Ikishuka, hatuandiki "karibu". Mara ya pili ni kabla ya mgonjwa wa kwanza. Kila safari ina prose-verbali, ripoti ya ukaguzi, inayosainiwa na pande zote mbili. Kukataa kusaini hakuifuti, kunaandikwa tu. Kasoro zisiporekebishwa kwa tarehe iliyoandikwa, chumba kinatiwa lakiri, na kukivunja lakiri ni kosa jingine kabisa. Nyuma yake zipo sheria namba 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018 kuhusu afya ya umma na namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu maji. Simu ya mkubwa fulani haimo katika hizo mbili.

Siku ya ziara awepo plombie (fundi wa maji) mwenyewe, si mlinzi. Na funguo za chumba cha pampu ziwe parselani, hapo hapo kituoni.