Kokoto za Chini ya Chungu Haziokoi Maua ya Milimani

Kila anayeniletea Lewisia, mojawapo ya maua ya milimani, ikiwa imeoza, huja na utetezi uleule: "Lakini chini niliweka kokoto za kutosha!" Nimechoka kuusikia, kwa hiyo leo naweka wazi. Kokoto za chini hazitoi maji. Zinayasogeza karibu na mizizi.

Maji hushikiliwa na matundu madogo ya udongo. Yakikutana na kokoto, ambako nafasi ni kubwa, hayaingii mpaka udongo ulio juu yake ulowe chepechepe. Sehemu hiyo ya chini hubaki mbichi hata baada ya kutoboa chungu vizuri. Sasa wewe umejaza kokoto sentimita 10. Maana yake umeupandisha unyevu huo sentimita 10. Kwenye tuta lililochimbwa katika udongo wa mfinyanzi ni balaa zaidi, kwani shimo la kokoto hugeuka kisima.

Kokoto zichanganywe na udongo wote, juu mpaka chini. Mimi huanzia nusu kwa nusu, na kwa Lewisia na Androsace, ua jingine la milimani, kokoto huzidi udongo. Chagua zenye ncha, milimita 3 hadi 6, uzioshe vumbi. Mchanga laini wa kujengea achana nao, unaziba matundu yaleyale unayoyatafuta. Kisha chukua mchanganyiko ulio na unyevu kidogo, ufumbate, ufungue kiganja: ukibaki donge, ongeza kokoto.

Na juu, kuizunguka shingo ya mmea, tandaza kokoto sentimita 2 au 3. Shingo ndiyo huoza kwanza. Ukiishika Lewisia iliyoharibika, kichwa chote hung'oka mkononi, kahawia na chenye utelezi, na mara nyingi mzizi chini bado ni mgumu. Ndiyo maana naipanda ubavu kwenye ufa wa ukuta wa mawe, maji yasikae katikati ya majani.

Wengine husema imekufa kwa baridi. Mimea hii huko kwao hulala miezi mingi chini ya theluji nene, ambako joto hukaribia nyuzi 0 na mvua haiifikii. Kinachoimaliza bustanini ni mvua za msimu wa baridi. Iwekee kioo juu na uache pembeni wazi hewa ipite. Kuifunga kwa plastiki ni kuiozesha.

Kwamba mimea hii yote hupenda jua kali, si kweli: Ramonda myconi huishi kwenye nyufa zenye kivuli. Samadi nayo, tafadhali, hapana. Silene acaulis, ambayo hukua kama donge lililobanana, ikishiba huacha kushikamana, hutoa majani mengi na maua machache.

Chokaa je? Gentiana sino-ornata ukiipa chokaa inageuka njano. Saxifraga paniculata haina shida nayo, na vidoti vyeupe kwenye kingo za majani yake ni chokaa inayotolewa na mmea wenyewe. Si ugonjwa, wala si ukungu. Kuna wanaovisugua kwa mswaki. Uacheni mmea jamani.

Mwisho, mbegu za Gentiana zisizoota haziwi mbovu kwa sababu hiyo tu. Nyingi huhitaji wiki kadhaa za baridi na unyevu kabla ya kuamka, na baadhi husubiri mwaka wa pili. Usimwage trei.