Kinjeketile wa darasani na Kinjeketile wa Ngarambe

Kila nikianza kufundisha Vita vya Maji Maji, nakuta darasa limeshakuja na Kinjeketile wake. Ni yule wa Ebrahim Hussein, wa tamthilia yake Kinjeketile ya 1969, na hata mimi nimekua naye. Shuleni tuliisoma kwa zamu, nakala moja watu wanne, jalada limebandikwa gundi, na pembeni mwa kurasa waliotutangulia walishatuandikia kwa penseli: “DHAMIRA”, “inatokaga mtihani!!” Hadi leo nikiiona kwenye meza ya vitabu vya mitumba nainunua, ingawa ninayo.

Lakini nimesomea historia, na kazi yangu ni kumtenga mtu na mhusika.

Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, huko Rufiji, alikuwa mganga aliyegawa maji ya dawa akiahidi kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling’oa pamba waliyokuwa wakilimishwa kwa nguvu, vita vikawaka. Tarehe 4 Agosti Kinjeketile alinyongwa huko Mohoro. Sasa tazama kalenda: boma la Wajerumani la Mahenge lilishambuliwa mwishoni mwa mwezi huohuo, yeye hayupo tena duniani. Njaa iliyokuja baadaye, askari walipochoma mashamba na maghala, ikaua wengi kuliko risasi. Hiyo pia hakuiona.

Kwenye tamthilia anaishi hadi maji yanapowaangusha watu. Yumo kifungoni, wapiganaji wameshafyekwa kwa bombomu, yaani bunduki za rashasha, na anatakiwa atamke kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Tukio hilo ndilo lililotufanya tubishane bwenini hadi taa zizimwe, na Hussein asingelipata bila kukiahirisha kile kifo. Aliyenyongwa vita vikiwa vichanga hawezi kubanwa kwa swali la kushindwa.

Wala hakumdanganya mtu. Katika utangulizi alieleza wazi kuwa Kinjeketile wake ni kiumbe wa ubunifu, si yule wa historia. Ila utangulizi haukuwa na maksi, tukauruka.

Kuli, riwaya ya Adam Shafi iliyotoka 1979, imeshonwa kwa namna nyingine. Mgomo wa makuli wa bandari ya Unguja wa 1948 umebaki mwaka wake na mahali pake. Aliyebuniwa ni Rashidi, akapachikwa katikati ya wanaogoma. Msomaji anatoka na jasho la bandarini bila kuvurugiwa mfuatano wa mambo. Kwa hiyo Kuli nawapa wanafunzi kabla ya somo, waje darasani wakiwa na hasira tayari. Kinjeketile nawapa baada ya somo, wakishaijua ile tarehe 4 Agosti, kisha nawaambia waanzie kwenye utangulizi.