Mjakaranda haujui habari za Bahari ya Hindi

Oktoba hii huyu ni wa nne kuniambia kwamba jakaranda ikichanua, mvua imefika. Bawabu wetu, mzee wa Mwingi kule Ukambani, ameninyooshea kidole kule kwenye maua ya zambarau: “Kijana, jakaranda imechanua. Nimeshampigia mama watoto apande.” Mimi ndiye ninayekula mshahara wa kutabiri hali ya hewa, nikabaki nimeshika lango kama aliyeibiwa.

Mti wenyewe ni mgeni kutoka Amerika Kusini, uliletwa Nairobi kwa urembo. Huchanua Septemba na Oktoba, kiangazi kikiisha na joto likipanda. Vuli nayo huanza Oktoba. Basi wakikutana njiani, watu husema mmoja kamleta mwenzake. Kama kalenda, sina ugomvi.

Ugomvi wangu ni kalenda kugeuzwa utabiri. Ua halikwambii mvua itakuwa kiasi gani, wala kama itanyesha siku mbili ikate wiki tatu, mbegu ichipuke halafu inyauke. Hilo ndilo humfilisi mkulima wa Ukambani, ambako vuli ndiyo tegemeo kuliko masika. Mambo huamuliwa mbali: Bahari ya Hindi ikiwa na joto zaidi upande wetu kuliko upande wa Indonesia, tunalowa, kama 2019. Ikigeuka, na La Niña iwepo, yaani maji ya Pasifiki yapoe kuliko kawaida, tunapata ukame kama wa 2022. Jakaranda zilichanua miaka yote miwili, tena kwa madaha.

Na msiniletee kumbikumbi kuwa dalili ya mvua. Hao hutoka ardhi ikishalowa. Wanasoma gazeti la jana.

Wazee wa Nganyi, ukoo wa watabiri wa mvua wa jadi kule Vihiga, ni habari nyingine. Wao hutazama mimea, wadudu na upepo kwa pamoja, na wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa wamekaa nao kulinganisha utabiri. Sisi wenyewe vuli tunaijulia kiasi, lakini masika hutuchezea: bahari haitupi dalili za kutosha, na mifumo yetu ya kompyuta ilisema mvua za Machi hadi Mei zitaongezeka huku vipimo vya miaka mingi vikionyesha zilikuwa zikipungua. Bawabu angeniuliza Machi, ningejikuna kichwa.

Nikamuuliza, udongo wa Mwingi umelowa? Akacheka. “Sisi hupanda kwenye vumbi tangu enzi za babu.” Hapo alinipata. Nikamwomba tu abakize nusu ya mbegu guniani.